Ufunguo Uko kwa Nani?

Ukitaka kujua kama ploti ina wezi, angalia kamba za nguo. Hili nilifundishwa na mama yangu Kayole nikiwa darasa la tano, tukihama kwa mara ya pili mwaka huo. Keateka anasifu maji, anasifu stima, anasifu majirani waliookoka. Mama hamsikilizi, ameinua macho kwenye kamba. Kama nguo zimeanikwa na hakuna mtoto aliyeketi chini yake kuzilinda, hapo mtu anaweza kuishi. Kama kila kamba ina mtoto wake juu ya ndoo iliyopinduliwa, wewe shukuru, aga, endelea na safari.

Vipimo vya aina hiyo ninavyo vingi. Viatu vikiachwa nje ya milango usiku, ni dalili njema. Ukipita kwenye korido, hesabu makufuli: mlango wenye makufuli matatu unakusimulia jambo ambalo keateka hatalisema. Chunguza grili ya dirisha kama kuna chuma kilichokunjwa halafu kikanyooshwa. Uliza kitasa kilibadilishwa lini, maana mpangaji aliyetoka huenda bado anatembea na ufunguo wako mfukoni. Rudi usiku, kwa sababu nyumba ya mchana na nyumba ya usiku ni nyumba mbili, ingawa kodi ni moja. Na usiulize kama hapo kuna usalama, kila mtu atakuambia upo. Tafuta mwanamke wa rika lako, umuulize, "Wewe huwa unarudi saa ngapi?" Akisema anarudi saa moja na hatoki tena, umejibiwa.

Juni 2023 nilivibeba vipimo hivi mpaka Johannesburg. Sababu ya kwenda, nikisema ukweli, ni kwamba sasa ilikuwa inawezekana. Tangu tarehe 1 Januari mwaka huo, Mkenya angeweza kuingia Afrika Kusini bila visa na kukaa hadi siku 90 kwa mwaka. Nilikuwa nimeacha chuo mwaka wa tatu, karo ilinishinda, na nilikuwa naishi kwa kuandika makala za mtandaoni kuhusu bidhaa ambazo sijawahi kuzigusa. Nimeandika mengi kuhusu chakula cha mbwa wa Marekani kuliko niliyowahi kuandika kuhusu watu wa Kayole. Kazi kama hiyo unaweza kuifanya popote penye intaneti. Na nilikuwa sijawahi kutoka nje ya nchi, ukiondoa siku moja tuliyovuka Namanga kununua mchele, kama hiyo inahesabika.

Kila mtu alikuwa na neno lake kuhusu Joburg. Mama aliuliza swali moja tu, "Huko si ndiko wanachoma watu?" Rafiki zangu walinionya nisitoe simu barabarani. Walikuwa wananiambia hivyo tukiwa tumesimama Moi Avenue, kila mmoja ameshika simu yake kwa mikono miwili.

Bajeti yangu ya chumba ilikuwa rand 3,000 kwa mwezi, kama Sh22,000 wakati huo. Nililala hosteli siku nne nikitafuta keja, na katika siku hizo nilitembelea nyumba nyingi, ila mbili tu ndizo za kusimulia.

Ya kwanza ilikuwa karibu na Hillbrow, jengo la ghorofa kumi na kitu. Ili uingie unaweka kidole kwenye mashine, geti la chuma linazunguka, unapita peke yako kama ng'ombe anayekwenda joshoni. Mgeni anaacha kitambulisho kwa mlinzi, na ikifika saa nne usiku anatolewa, awe ni nani. Kwenye lifti kuna kamera. Msichana aliyenitembeza alisema hapo hata mume hapiti kama kidole chake hakimo kwenye mashine, na alilisema hilo kama mtu anayesifu bahari. Niliitamani ile nyumba. Nilikuwa na siku nne za kubana mkoba kwapani, na ghafla nikajikuta nimeuachia ukaning'inia. Lakini walitaka rand 4,300, stima pembeni.

Ya pili ilikuwa Yeoville, si mbali na Rockey Street. Jengo la matofali la ghorofa tatu, zee kuliko mama yangu. Chumba kimoja, choo na jiko mnashirikiana, rand 2,400. Kwenye ngazi za nje vijana wanne walikuwa wameketi na hawakusogea kunipisha. Ngazi za ndani zilinuka parafini na mafuta ya kukaangia. Nikauliza nguo zinaanikwa wapi, nikapelekwa juu ya paa: kamba zimezungushiwa wavu wa chuma, na wavu una kufuli. Kipimo cha mama kilikuwa kimetoa jibu. Nilikuwa nashuka niende zangu nilipomsikia mwanamke mmoja mwenye karai la sombe akimkaripia mtoto. Kwa Kiswahili. Si hiki chetu, ni kile cha Bukavu.

Nikamwamkia. Akaniangalia. "Weye unatoka wapi?"

"Nairobi, Mama."

"Ah! Mu-Kenya! Kuya, mutoto yangu, kuya."

Ndiye aliyekuwa akisimamia korido ya ghorofa ya pili. Nililipa siku hiyo hiyo. Sikurudi usiku, wala sikuuliza habari za kitasa. Vipimo vyote nilivyosafiri navyo kilomita maelfu vilishindwa na neno moja, *kuya*.

Nilipokuwa nimeshazoea ndipo nilianza kuwaza nilichofanya. Nilikuwa nimemwamini mtu kwa sababu tunaelewana. Ni jambo la kawaida, hata zuri. Lakini nilikuwa katika mji ambao neno moja liliwahi kufanya kazi tofauti. Mei 2008, vurugu dhidi ya wageni zilipoanza Alexandra na kuenea, kulikuwa na makundi yaliyokuwa yakimsimamisha mtu na kumuuliza kiwiko cha mkono kinaitwaje kwa Kizulu. Jibu ni *indololwane*. Ukikwama, wewe ni mgeni. Watu 62 waliuawa katika zile wiki, na 21 kati yao walikuwa raia wa Afrika Kusini. Yaani hata kwa hesabu ya wale wauaji wenyewe, kipimo kilikuwa kibovu.

Sisemi mimi na wao ni kitu kimoja. Mimi nilikuwa natafuta chumba. Ila nilipokuwa nikipita katikati ya wale vijana wanne kila jioni, ufunguo nikiwa nimeubana katikati ya vidole kama kisu, nilikuwa nafanya kazi ile ile ya kusoma watu: huyu anaketi vipi, huyu anaongea lugha gani, huyu mbona ananiangalia. Na wao walikuwa wananisoma. Kwa jinsi nilivyofunga kitambaa kichwani na nilivyosita kujibu salamu ya Kizulu, walijua kabla ya wiki kwisha kwamba mimi si wa hapo. Tulikuwa tunaogopana vizuri tu, kila mtu na zamu yake.

Chuoni kuna mtu mmoja niliyeondoka naye bila kudaiwa, naye ni Hobbes. Katika *Leviathan*, kitabu cha 1651, anamgeukia msomaji anayekasirika kuambiwa kwamba binadamu wanaogopana kwa asili, anamwambia ajiangalie mwenyewe. Ukisafiri unabeba silaha. Ukilala unafunga milango. Hata ndani ya nyumba yako unafunga makasha, na unajua sheria zipo na askari wapo. Sasa una maoni gani kuhusu raia wenzako unapofunga mlango? Na kuhusu watoto wako na watumishi wako, unapofunga kasha? Wewe kwa matendo yako, anasema, umewashtaki binadamu sawasawa na yeye alivyowashtaki kwa maneno. Mhadhiri alitaka tujadili hoja. Mimi nilikuwa namwona mama yangu, sanduku lake la bati chini ya kitanda, kufuli dogo la shaba, na sisi watoto watatu tuliokuwa wezi wa sukari wenye uzoefu.

Hapo kwenye kasha mzee alikuwa amegusa kitu. Hatari mara nyingi haivunji mlango. Januari 2024, nikiwa nimeshasharudi nyumbani, wanawake waliuawa Nairobi ndani ya nyumba za kukodi za siku moja mbili, na tarehe 27 tukaingia barabarani maelfu. Siku ile nilimkumbuka yule msichana wa Hillbrow na mashine yake ya vidole. Mashine inajua nani ameingia. Kwa mwanamke, hilo ni nusu tu ya swali, na ni ile nusu rahisi.

Lakini kuna mahali simkubali Hobbes. Kufuli halimshtaki mtu. Mlango uliofungwa unamfungia mwizi, unamfungia pasta, unamfungia shangazi yako aliyekuja na kuku. Mashtaka huanza pale mtu anapopiga hodi, wewe uko ndani, ufunguo uko mkononi mwako, na lazima uamue huyu ni nani.

Korido yetu ilikuwa na vyumba sita na geti lake la chuma, mbali na lile la chini. La chini kila mpangaji alikuwa na ufunguo wake. La korido lilifungwa saa tatu usiku, na ufunguo wake ulikuwa mmoja, ulilala kwa Mama. Ukichelewa unamwita, anakujua, anakufungulia, anakusema kidogo. Ndiyo ilikuwa sheria.

Usiku mmoja wa Julai, Mama alikuwa na mkesha wa maombi kanisani kwao. Chumba changu ndicho kilikuwa cha kwanza kutoka getini, kwa hiyo akaniachia ufunguo. "Batu bote beko ndani," aliniambia. "Usifungulie mutu." Stima ilikuwa imekatwa kwa mgao, na kwenye mgao taa za barabarani nazo huzima, Yeoville yote inakuwa shimo moja.

Yapata saa tatu na nusu nilisikia mtu akipanda ngazi mbio. Geti likatikiswa. Sauti ya kiume, kwa Kiingereza, ikaomba kufunguliwa. Ikataja jina. Ikataja namba ya chumba, cha mwisho kabisa, alichokuwa akiishi Mmalawi mmoja na mwenzake. Kisha ikasema, *achemwali*, ambalo kwa Kichewa ni dada, na ndivyo alivyokuwa akiniita tulipokutana jikoni.

Niliijua ile sauti? Hili swali nimejiuliza mara nyingi na kila mara jibu linanikimbia. Nadhani niliijua. Lakini Mama alisema wote wako ndani. Na nyuma ya ile sauti kulikuwa na miguu mingine inapanda. Chumba namba nne alikuwa amelala mama mwenye watoto wawili. Kama ningefungua, je, ningefungulia mtu mmoja au watatu?

Sikufungua. Sikujibu hata. Niliketi kitandani gizani, nikaubana ufunguo mpaka meno yake yakajichora kiganjani. Ilichukua kama dakika tatu. Sitaelezea nilichosikia. Waliondoka na simu yake, mshahara wake wa wiki na viatu vyake, na wakamchana mkono kwa sababu alikuwa ameng'ang'ania vyuma vya geti na hakutaka kuviachia.

Kimya kiliporudi nilifungua. Yule mama wa namba nne alitoka na mshumaa na maji ya chumvi, tukamsafisha. Nilisema samahani sijui mara ngapi. Yeye akanyamaza, halafu akaniambia kwa upole kabisa, "Hata mimi nisingefungua." Ningefurahi kama angenitukana.

Mama alirudi alfajiri, akasikiliza yote, akasema nilifanya vizuri. Akanieleza kwa nini ile sheria iliwekwa. Mwaka uliotangulia kulikuja sauti inayojua jina la mpangaji, ikafunguliwa, wakaingia wanne na kusafisha chumba baada ya chumba. "Hata kama anajua jina yako, mutoto yangu. Hata kama analia." Kwa hiyo sheria haikuwa ya kijinga. Ilikuwa imezaliwa na kisa, kama sheria nyingi.

Nikalala mchana kutwa. Nilipoamka nilijiuliza swali moja dogo, na ndilo lililonifanya niandike haya miaka kadhaa baadaye. Kama ile sauti ingesema, "Dada, nifungulie tafadhali, ni mimi," kwa Kiswahili, ningefanya nini?

Ningefungua. Hata miguu ya nyuma ningeisikia na bado ningefungua, labda huku napiga kelele. Najua hivyo kama ninavyojua jina langu. Ile asilimia ishirini ya shaka niliyokuwa nayo ingejazwa na lugha, kama ilivyojazwa siku niliyolipa kodi bila kuangalia kitasa. Kwa hiyo siwezi kujificha nyuma ya watoto wa namba nne. Walikuwepo, na hatari kwao ilikuwa ya kweli, lakini hawakuwa ndio sababu. Sababu ni kwamba mtu aliyekuwa nje hakuwa wangu vya kutosha.

Baada ya hapo nilianza kumwona, kwa maana ya kumwangalia hasa. Alikuwa akifanya kazi za bustani katika vitongoji vya kaskazini, vyenye kuta ndefu na nyaya za umeme juu yake. Alikuwa akitunza maua ya watu waliojifungia kuliko sisi. Akitoka kazini saa kumi na moja, ni teksi mbili na foleni mbili, na kama kuna mgao na taa za njiani zimezima, foleni zinakuwa nne. Korido nzima, waliokuwa wakirudi baada ya saa tatu ni watu wawili, yeye na dada mmoja Mzimbabwe aliyekuwa weita. Sisi wengine tulikuwa ndani kabla ya taarifa ya habari. Ile sheria ya saa tatu ilikuwa imepitishwa na sisi wa kurudi mapema, na bei yake ilikuwa inalipwa na wao wawili. Nikakumbuka Kayole. Geti letu lilifungwa saa nne, na kaka yangu, aliyekuwa akishusha mizigo Wakulima, alilala kwenye matatu ya rafiki yake usiku mwingi tu. Tulikuwa tukisema, "Si angerudi mapema." Tulisema hivyo tukila unga alionunua yeye.

Vipimo vyangu vyote, kamba, viatu, makufuli, vinauliza ni nini kinaweza kuingia. Hakuna hata kimoja kinachouliza nani ataachwa nje. Na nyumba ikiwa ya bei ya chini hilo halikwepeki. Kule Hillbrow angalau mlinzi hulipwa kwa kusema hapana. Yeoville hiyo hapana tulikuwa tunagawana sisi wenyewe, bila mshahara, na nyingi ziliangukia mtu yule yule.

Halafu ikaja tarehe 31 Agosti. Niliamshwa na mama yangu kwa simu kutoka Nairobi, akiuliza kama niko hai. Usiku huo jengo la Usindiso, namba 80 Albert Street, Marshalltown, kilomita chache kutoka kwetu, lilikuwa limeungua. Walikufa watu 76, wakiwemo Wamalawi na watoto wengi. Ni jengo la manispaa ya jiji, ambalo enzi za ubaguzi wa rangi lilikuwa ofisi ya kudhibiti pasi za Waafrika, yaani ofisi ya kuamua nani aingie mjini na nani asiingie. Baadaye likawa makazi ya kuwahifadhi wanawake, na mwishowe likaachwa, watu wakajigawia vyumba kwa mbao na mapazia. Waliookoka walisimulia habari ya geti lililokuwa limefungwa. Wengine waliruka madirishani. Wengine walirusha watoto kwanza.

Asubuhi ile hakuna aliyeitisha mkutano kwenye korido yetu. Watu walitoka tu vyumbani, mmoja mmoja, wakasimama wakiangalia geti letu. Mmalawi alikuwa ameketi chini na simu ya kuazima, anapiga namba ambayo haikuwa inapatikana. Mpaka jioni ikapatikana. Mtu wake alikuwa ameshahama pale miezi miwili nyuma.

Mjadala ulianza jioni. Watu kumi na mmoja kwenye korido, Kiingereza, Kiswahili cha aina mbili, na lugha nyingine sijui ngapi. Wapo waliotaka geti liachwe wazi usiku. Mama alikataa katakata, akasema moto huja mara moja lakini wezi huja kila mwezi. Dada wa Zimbabwe akamjibu kwamba hiyo mara moja inatosha. Mwingine akataka ufunguo utundikwe kando ya geti, mwingine akasema hata mtoto ataunasa kutoka nje kwa waya. Tukabishana, halafu tukajaribu. Tulinyoosha hanga ya nguo, tukasimama nje ya geti letu wenyewe kama wezi, na kwa karibu nusu saa tukajaribu kuiba ufunguo kutoka kwenye msumari. Tuliposogeza msumari mara tatu ndipo hanga ikashindwa. Yule mtoto wa namba nne alifaulu mara ya nne kwa ufagio, ikabidi tuusogeze tena. Tulicheka. Najua ilikuwa siku gani, lakini tulicheka.

Makubaliano yakawa hivi: ufunguo wa ziada unachongwa na kutundikwa pale kwenye msumari kwa ajili ya moto. Na ule wa kwanza hautalala tena kwa Mama peke yake. Kila chumba kina usiku wake wa zamu, na mwenye zamu anafungua kwa yeyote anayemjua, saa yoyote, hata kama ni saa nane. Nani anamjua nani, hapo hatukukubaliana, na nadhani hata leo wale waliobaki hawajakubaliana. Mama alisema mimi nianze kwa kuwa nina umri wa kukosa usingizi. Usiku ule nilifungua geti mara mbili. Mara zote mbili nilishuka nikiwa na tochi, nikamulika uso, nikamulika nyuma ya uso, moyo ukipiga kama wa sungura, ndipo nikaingiza ufunguo. Dada wa Zimbabwe alisema, "Toa hiyo taa, mimi si mwizi." Alikuwa na haki ya kukasirika, na mimi sikuona nilikuwa na njia nyingine.

Nilikuwa na ndege tarehe 5 Septemba, siku zangu 90 zikiwa zimebaki chache. Jumapili ya tarehe 3 nilikwenda kuagana na watu, nikarudi nimechelewa, saa nne na dakika kadhaa. Stima haikuwepo. Vijana wa nje walikuwa mahali pao, na mmoja akanimulikia ngazi kwa simu nipite, bila kusema neno, nami nikasema asante nikiwa bado nimeubana ufunguo wangu katikati ya vidole.

Zamu ilikuwa ya Mmalawi. Nilipanda nikitayarisha cha kusema, jina langu, namba ya chumba changu. Sikuwa nimegusa geti nikasikia kufuli linafunguka. Alikuwa amesimama pale gizani, hana tochi, mkono wenye kovu umeshika geti liwe wazi.

"Mbona hukuuliza ni nani?" nilimwambia. Nilisema kwa ukali, hata mimi nilishtuka.

Akasema amenijua kwa jinsi ninavyokanyaga ngazi. Kwamba mimi huruka ile ya tano, iliyovunjika.

Nikamwambia mtu yeyote anaweza kuruka ngazi iliyovunjika. Nikamwambia kuna watoto humu. Alinisikiliza mpaka nikamaliza, akafunga geti, akalivuta mara mbili kuhakikisha, akasema, "Lala salama, *achemwali*." Niliingia chumbani bado nimekasirika. Alipaswa kuuliza.